Chakula cha Mwenye Kuacha Ulevi

Tumezoea kumwambia mlevi "Acha!", na anapoacha tukadhani kazi imekwisha. Ni wachache wanaouliza: huyu aliyeacha atakula nini?

Twatoa mfano wa Nyeri na miji ya Mlima Kenya, kwa kuwa huko msiba umedhihiri. Februari 2024, huko Kangai, Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa pombe haramu. Wala watu wa pwani tusijione mbali. Muguka unaotafunwa Mombasa watoka Embu. Na Mei 2024 gavana wa Mombasa alipoupiga marufuku, Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri hiyo kwa muda.

Pombe humshibisha mnywaji wala haimjengi. Tena huuzuia utumbo usinyonye vitamini, hasa ile iitwayo B1, ambayo akiba yake mwilini ni ya majuma machache tu. Ikikosekana, macho hucheza, mwendo huyumba, akili huchanganyikiwa, na mwishowe kumbukumbu hupotea na huenda isirudi. Watu humwona wakasema "bado amelewa", na kumbe siku ya tatu hajaonja tone! Hili ndilo litusikitishalo zaidi, kwani akiwahiwa hospitali kwa sindano za B1 huweza kuokoka.

Kwa hiyo aliyekuwa akinywa sana kila siku asiachishwe kwa kufungiwa chumbani. Kutetemeka, kifafa na kuweweseka huweza kumjia katika siku za mwanzo, na hayo yataka daktari. Wala aliyekonda kwa njaa ndefu asipakuliwe sinia la pilau kwa furaha ya jamaa; chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvi za damu, hata moyo ukaweza kusimama. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi.

Na vyakula vyenyewe si vya ghali. Nyeri kuna maharagwe, wimbi, nduma, viazi vitamu na mboga za majani. Githeri, ambayo baadhi yetu huidharau kuwa ni chakula cha bara, ni mahindi mazima na maharagwe, na kwa mtu huyu yashinda wali mweupe, kwani mchele ukikobolewa sana B1 huondoka na pumba. Sisi tuna mbaazi, kunde na dagaa. Chai na mkate mweupe havitoshi; tena chai inywewayo pamoja na chakula huzuia madini ya chuma, basi na ingoje kiasi cha saa moja.

Hatusemi kwamba bakuli la uji laponya ulevi. Twasema mwenye njaa hukasirika upesi, na huweza kuidhania njaa kuwa ni kiu ya pombe. Enyi akina mama na wake, uji wa wimbi uwe tayari alasiri, kabla wenzake wa zamani hawajampitia. Na Ramadhani ikimkuta yumo katika matibabu, yeye ni mgonjwa, na hukumu ya mgonjwa yajulikana.