Zahanati Tumejenga, Je, Ardhi ni ya Nani?



Tuseme mmefanya harambee. Wanaume wamebeba mawe, kina mama wamechota maji, na sasa zahanati imesimama. Siku moja anakuja mtu na hati mkononi, anasema, "Hapa ni kwangu." Mtamjibu nini? Wengi husema, "Lakini sisi ndio tuliojenga!" Ni kweli, ila kortini jibu hilo halitoshi.

Someni kwanza 1 Wafalme 21. Shamba la Nabothi lilichukuliwa kwa barua zilizopigwa muhuri wa mfalme. Hata leo, karatasi yenye muhuri inaweza kubeba uongo.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaeleza ardhi ya umma. Ardhi ya zahanati ya serikali ya kaunti hushikwa na kaunti kwa niaba ya wakaaji wake. Si mali ya gavana, si ya MCA, wala si ya chifu. Haiwezi kuuzwa au kugawiwa mtu ila kwa kufuata sheria.

Kifungu cha 40 kinaongeza kwamba mali iliyopatikana kinyume cha sheria hailindwi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, juu ya ploti karibu na ufuo wa Nyali. Kampuni ilinunua, na hati ilikuwa nayo. Lakini mahali hapo palikuwa pametengwa kuwa uwanja wa umma, na aliyepewa kwanza hakupewa kwa njia ya sheria. Kampuni ikashindwa. Hati ni kama mti: mzizi ukioza, matawi hayasimami.

MFANYE NINI?

1. Kabla ya kuchimba msingi, jueni namba ya ploti. Nendeni ofisi ya usajili wa ardhi mfanye sachi, muone jina lililoandikwa.

2. Mzee akisema kwa mdomo, "Nawapa robo ekari," mshukuruni, lakini msiishie hapo. Jina lake bado liko kwenye rejista, na akifariki wanawe wanaweza kudai urithi. Mkewe na watoto wahusishwe. Ardhi ya kilimo lazima ipitie bodi ya ardhi, kisha ihamishwe rasmi.

3. Itisheni mpima ardhi aliyesajiliwa, mawe ya mipaka yawekwe mbele ya majirani.

4. Tunzeni kumbukumbu za mikutano, risiti na barua. Nakala moja ikae mahali pengine, moto ukitokea isipotee.

5. Ofisi ikiwaficha habari, andikeni barua. Sheria ya 2016 ya kupata habari inampa kila raia haki hiyo, bila kulazimika kueleza sababu. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Ombudsman.

Msingoje mpaka tingatinga lifike. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Shule, zahanati na kisima chetu viko kwenye ardhi ya nani? Nani ameona karatasi?
- Je, kuna ardhi tuliyopewa kwa mdomo? Aliyetupa bado yu hai?
- Nani kati yetu ataenda kufanya sachi mwezi huu, na nauli itatoka wapi?