SOMO LA ROBO HII: TUTUNZE MACHO YETU SAFARINI



Katika somo hili napenda tujadili kiungo ambacho kamati zetu hukisahau kila zinapoandaa safari. Kwenye maombi ya fedha tunaandika petroli, tairi, posho na matengenezo ya pikipiki. Macho ya huyo anayeendesha pikipiki hatuyaandiki.

Njia yetu ya kutoka Tabora kwenda Urambo, Kaliua na kuendelea hadi Uvinza na Ujiji inafuatana kwa sehemu kubwa na njia ya zamani ya misafara. Mwezi Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, wakitokea pwani. Walipoendelea kuelekea magharibi Speke alishikwa na ugonjwa wa macho. Yeye mwenyewe aliandika kwamba uvimbe ulikuwa ndani ya jicho, akaulaumu usingizi wa chini na jua la utosi wakati mwili ulikuwa umedhoofishwa na homa. Tarehe 13 Februari 1858 walipopanda kilima na Ziwa Tanganyika likaonekana upande wa pili, yeye aliona ukungu na mng'ao tu. Mtu amesafiri karibu miezi minane kulitafuta ziwa, na amelifikia haoni! Kuhusu macho ya wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya watu hao tunaambiwa machache mno.

Baadaye mwaka huo huo Speke aliondoka Kazeh kwenda kaskazini, safari iliyomfikisha Ziwa Viktoria. Alivaa miwani ya rangi ya kijivu kukinga mwanga wa jua. Watu walimsonga na kumchungulia chini ya kofia ili wayaone hayo macho ya ajabu, mpaka akaona heri aivue.

Nalitaja hilo kwa sababu miwani inachekwa hadi leo. Wainjilisti wetu wawili waliwahi kuniambia kwamba waliacha kuvaa miwani ya kukinga vumbi kwa kuwa vijana wa mtaani walikuwa wakiwaita rubani.

Mimi mwenyewe sikuwa nimevaa. Kiangazi kimoja nikitokea Kaliua kwa pikipiki, kipande cha jani kavu kilinipiga jicho la kulia. Nilifanya lile ambalo kila mtu hulifanya, yaani nilifikicha. Jioni nilipita duka la dawa nikauziwa dawa ya matone bila mtu yeyote kulitazama jicho. Kesho yake wekundu ulipungua nami nikamshukuru Mungu. Siku ya nne sikuweza kufungua jicho mbele ya dirisha. Hospitalini daktari alinionyesha maandishi madogo kwenye kichupa: dawa ile ilikuwa na steroidi. Dawa ya namna hiyo hutuliza wekundu na maumivu, lakini kama kioo cha jicho kimekwaruzwa na vijidudu vimeingia, huviachia nafasi ya kukila kioo huku mgonjwa akijiona amepona. Jani na mti ni hatari zaidi kwa sababu huweza kuingiza ukungu, yaani fangasi, ambao matibabu yake ni ya majuma mengi. Nilipona, ila kovu jeupe limebaki, na usiku taa za magari yanayokuja mbele yangu hutawanyika kama maji.

Kwa hiyo naomba tuelewane hivi. Vumbi au mdudu akiingia jichoni, simamisha chombo, usifikiche, osha kwa maji safi mengi huku ukipepesa. Anayetemewa sumu na swila aoshe papo hapo kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali. Maji yaliyo karibu ndiyo dawa ya kwanza, asicheleweshwe kwa kutafutiwa maziwa. Kitu kilichochoma jicho na kubaki humo kisichomolewe njiani. Funika bila kukandamiza, ukaondoke. Jicho linalouma, lisilostahimili mwanga au linaloona ukungu lifikishwe kwa mtaalamu wa macho siku hiyo hiyo, kama vile kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete.

Dawa za majani, mkojo na maziwa ya mama zisitiwe jichoni. Uchunguzi uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulihusisha dawa za kienyeji na vidonda vya kioo cha jicho. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea kuanzia Dar es Salaam hadi mikoani, Wizara ya Afya ilibidi iwaonye watu tena juu ya jambo hilo. Ugonjwa ule husafiri kwa mikono, leso na taulo. Mwinjilisti mwenye macho mekundu asipande basi kwenda semina, wala asishikane mikono na washarika mlangoni.

Kuhusu kinga, kofia ngumu yenye kioo kisicho na rangi inatosha. Miwani myeusi ni ya mchana tu. Jioni humficha ng'ombe aliyelala barabarani.

Wafadhili wetu wapendwa, mkikuta kwenye bajeti ya safari mstari wa miwani, sabuni na maji, msiukate mkidhani ni anasa. Pikipiki mliyotupatia inaendeshwa na macho hayo.

Maswali kwa kamati za usharika: Nani kati yetu amesoma kichupa cha dawa ya macho kilichoko nyumbani kwake, na alikipewa na nani? Na mwinjilisti wetu akirudi Jumamosi jioni jicho likimuuma, ni nani anayeshika nauli ya kumfikisha hospitali kabla ya Jumatatu?