Kuchagua Kisomakadi cha Kuhamishia Picha za Samaki

Katika miamba ya Ghuba ya Mwanza huishi furu mdogo aitwaye Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Dume wake ana mgongo mwekundu na mbavu za manjano zenye milia myeusi. Jamaa yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ana rangi ya kijivu na samawati. Samaki hao wakifa rangi hufifia upesi, na wakitiwa katika chupa ya spiriti hutoweka, hata kuwatenganisha kukawa kazi ngumu. Nayo rangi si pambo tu: mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya Ziwa Victoria yanapochafuka, majike hushindwa kutambua rangi za madume, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika. Kwa hiyo picha iliyopigwa samaki akingali na rangi zake ni ushahidi ambao chupa ya maabara haiwezi kuutunza.

Siku hizi ushahidi huo hukaa katika kadi ya kumbukumbu ya kamera ya dijitali. Ndani ya kadi mna kipande cha silikoni chenye seli ndogo mno, ambazo hunasa elektroni na kuzishikilia hata umeme ukiondolewa. Kumbukumbu ya namna hii ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba huko Japani, na kutangazwa mwaka 1984. Kinachobaki ni kuzifikisha picha kwenye kompyuta zikiwa kamili.

Tuseme darasa la Kidato cha Tatu limerudi kutoka mwaloni na picha mia mbili. Wapo watakaotaka kuzituma kwa simu. Njia hiyo haifai, kwa kuwa programu nyingi za kutumiana ujumbe huibana picha, na mara nyingi huondoa tarehe na saa iliyopigwa. Waya wa kamera hufaa, lakini kamera hulazimika kuwaka muda wote, na betri iliyochoka baada ya kutwa nzima ufukoni ikizimika katikati, kazi hukatika. Kisomakadi hupata umeme wake kutoka kwenye kompyuta, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukipendelea.

Anayekinunua hana budi kuitazama kadi kwanza. Kadi za SD zipo za vizazi kadhaa: SD ya awali, isiyozidi gigabaiti 2, SDHC ya mwaka 2006, hadi gigabaiti 32, na SDXC ya mwaka 2009, inayozidi hapo. Zote zina umbo moja na huingia katika tundu moja, na hapo ndipo wengi hukosea. Kisomakadi kipya husoma kadi ya zamani, lakini cha zamani huweza kushindwa kusoma kadi mpya. Kikishindwa, kompyuta huweza kuuliza kama kadi ifomatiwe. Jibu ni hapana. Picha zingali salama; kilichokosekana ni chombo cha kuzisoma, na anayekubali kufomati huweza kuzipoteza kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo la pili ni mwendo, nalo ni hesabu ya kugawanya tu. USB 2.0 hupitisha biti milioni 480 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, hizo ni megabaiti 60, ingawa katika matumizi hupatikana kama nusu yake. Kadi ya gigabaiti 16 iliyojaa, yaani megabaiti 16,000, ikisomwa kwa megabaiti 30 kwa sekunde, huchukua karibu dakika 9. Kisomakadi cha USB 3.0, pamoja na kadi inayotoa megabaiti 80 kwa sekunde, humaliza kwa sekunde 200. Lakini kadi yenyewe ikiwa haitoi zaidi ya megabaiti 20, kazi itachukua sekunde 800 kwa chombo chochote kile. Shule yenye kadi za polepole haina haja ya kulipia kisomakadi cha bei kubwa.

Ubavuni mwa kadi ya SD kuna kitufe cha kufungia. Wengi hudhani kitufe hicho hukata njia ndani ya kadi. Sivyo. Ni kipande cha plastiki tu, mfano wa kile kilichovunjwa katika kaseti za muziki ili zisirekodiwe tena. Kisomakadi ndicho kinachotambua mahali kilipo, na kisicho na kitambuzi hicho huweza kuandika juu ya kadi iliyofungwa. Hivyo mwalimu na akijaribu dukani kwa kadi tupu: aifunge, kisha ajaribu kunakili faili ndani yake. Faili ikiingia, kisomakadi hicho hakifai kwa picha za utafiti.

Picha zikishanakiliwa, zihesabiwe, na baadhi zifunguliwe zikuzwe hadi magamba yaonekane. Nakala ya pili iwekwe katika diski nyingine. Kisha kompyuta iamriwe kuiachia kadi kabla ya kuichomoa, na kadi ifomatiwe ndani ya kamera ileile itakayoitumia, tayari kwa safari nyingine ya mwaloni.