Mchore Mwenzi Wako

Wapendwa wanandoa, pengine mmeishi pamoja miaka ishirini au zaidi. Je, ukifumba macho waweza kusema mwenzako ana kovu wapi usoni, au nyusi zake zimekaaje? Wengi hatuwezi. Tunaonana kila siku, lakini hatutazamani.

Jioni moja juma hili, watoto wakisha kulala, chukueni penseli, kifutio na daftari. Mmoja aketi karibu na taa, mwingine amchore, kisha mbadilishane. Umri si kizuizi.

1. Chora umbo la yai, ulikate katikati kwa mstari mwepesi. Macho hukaa hapo. Anayeanza huyaweka juu mno kwa kusahau paji la uso na utosi.

2. Kati ya macho mawili acha nafasi ya jicho moja.

3. Ncha ya pua iweke karibu nusu ya njia kutoka macho hadi kidevu.

4. Usichore uso wa siku ya arusi. Chora ulio mbele yako, pamoja na mikunjo yake.

Hapo ndipo penye somo. Mikunjo ile imeletwa na karo za shule, usiku wa kuuguza watoto, na misiba mliyozika pamoja. Mwanzo 1:27 yatufundisha kwamba mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Picha ikitoka vibaya, chekeni pamoja, lakini msichekane.

Swali la kujadiliana: Umeona nini usoni mwake ambacho hukuwa umekiona kwa miaka? Mwambie kabla ya sala ya usiku.