Basi Lililookoa Kiwanda cha Leyland

Katika makala hii tutaeleza jinsi kiwanda cha Leyland cha Uingereza kilivyokaribia kufilisika kwa kulinda sifa yake, na jinsi kilivyonusurika kwa sababu ya basi moja.

Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1896 na jamaa za Sumner na Spurrier katika mji mdogo wa Leyland, jimboni Lancashire. Gari lao la kwanza liliendeshwa kwa mvuke, nalo lilibeba mzigo wa tani 1.5. Jina la Leyland Motors lilichukuliwa mwaka 1907.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kiwanda kiliunda malori yapatayo 6,000 kwa ajili ya jeshi la anga. Vita vilipokwisha, ilihofiwa kwamba malori hayo yaliyochakaa yangeuzwa ovyo, huku yakibeba jina la Leyland. Kampuni ikanunua karibu 3,000 miongoni mwayo, ikayafumua, ikayatengeneza upya huko Kingston na kuyauza tena. Sifa ilihifadhika, lakini fedha zilikaribia kwisha.

Mwaka 1926 aliajiriwa mhandisi G. J. Rackham, aliyekuwa amefanya kazi Chicago. Mwaka uliofuata likaonyeshwa basi lake la ghorofa, Titan. Msomaji atakumbuka kwamba chombo chenye uzito mwingi juu hupinduka upesi kwenye kona. Kwa hiyo Rackham aliishusha fremu, na shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma akaisogeza upande mmoja, ili sakafu iwe karibu na ardhi. Katika ghorofa ya juu, njia ya abiria iliwekwa pembeni na kuzamishwa chini ya usawa wa viti. Abiria aliweza kupita wima ingawa paa lilikuwa chini. Hasara iliwapata walioketi chini ya njia hiyo: walipaswa kuinama waliponyanyuka, na bila shaka vichwa vingi viligongwa! Hata hivyo basi lenye paa sasa liliweza kupita chini ya madaraja ambayo mengine hayakuweza. Titan za aina hiyo ya kwanza ziliuzwa zaidi ya 2,000.

Mwaka 1968 Leyland iliungana na British Motor Holdings, watengenezaji wa magari madogo. Kwa maoni yetu hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwani mapato ya malori na mabasi yalimezwa na hasara za magari madogo. Mwaka 1975 serikali ililazimika kuichukua kampuni. Kitengo cha malori kiliunganishwa na DAF ya Uholanzi mwaka 1987, na cha mabasi kikanunuliwa na Volvo mwaka 1988. Tangu mwaka 1998 kiwanda cha malori kilichopo Leyland ni mali ya Paccar ya Marekani, na malori yanayotoka humo huitwa DAF.