Wifi Akianguka, Nani Anamwinua?

Mdogo wangu wa Kigwa, barua yako imenifikia, na nimeona bora niijibu hapa hadharani, maana wenye swali kama lako ni wengi na wengi wao hawaandiki.

Unasema wifi yako alianguka jikoni akisonga ugali, mkono ukaingia kwenye mafiga, na wanawake waliokuwa uani wakarudi nyuma badala ya kumvuta. Wewe mwenyewe ukasimama mlangoni. Sikugombezi. Umekua ukiambiwa kwamba mate ya mwenye kifafa yakikugusa, au ushuzi wake ukikupata, nawe umeshaupata ugonjwa. Mwaka 1993 madaktari wa Kitanzania walichapisha utafiti uliowahoji wakuu wa kaya zaidi ya elfu tatu vijijini, na kama wanne katika kila kumi walisema kifafa kinaambukiza: kwa kugusana, kwa pumzi, kwa ushuzi, kwa kula pamoja. Kwa hiyo hauko peke yako. Ila ni uongo. Kifafa hakiambukizi. Mfute mapovu kwa kanga yako mwenyewe, utakachopata ni kanga ya kufua.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kwa mpangilio. Siku umeme huo ukipiga shoti, mwili mzima hufuata: mtu anakakamaa, anatupatupa mikono na miguu, anang'ata ulimi, pengine mkojo unamtoka. Halafu analala fofofo, na akiamka hakumbuki kitu. Wengine hawaanguki hata kidogo. Wanakodoa macho tu, wanatafuna midomo, ukiwaita hawakusikii, kisha wanaendelea na kazi. Hao ndio wanaopigwa shuleni kwa kosa la kusinzia.

Umeniandikia kwamba wifi alianguka na bodaboda akazimia, na miezi michache baadaye ndipo haya yakaanza. Sasa hilo jini mnalolisema ni la nini hapo? Kichwa kilichoumia vibaya kinaweza kuacha kovu kwenye ubongo, na kovu likazaa kifafa baada ya miezi, hata miaka. Kwa wengine chanzo ni malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, uzazi mgumu ambao mtoto alichelewa kulia, kiharusi, au mayai ya tegu wa nguruwe, ambayo mtu huyameza kwa mikono au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mwenye tegu tumboni. Na wapo wengi ambao daktari atatafuta sababu asiione. Kutoiona sababu hakumaanishi kuna aliyemroga.

Akianguka tena, fanya hivi. Msogeze mbali na moto, au usogeze moto wenyewe mbali naye. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, na kutupatupa kukiisha mlaze ubavu ili mate yatoke nje. Usimtie kijiko mdomoni; utamvunja meno na ulimi hautauokoa. Usimkandamize, usimnusishe kiatu, usimnyweshe maji. Tazama saa. Ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka mara ya pili kabla hajapata fahamu, tafuteni usafiri saa hiyo hiyo. Na huo mkono ulioungua uonwe zahanati leo, usipakwe dawa ya meno.

Kama mwanamke ana ujauzito, au amejifungua siku za karibuni, akianguka hamsubiri hata hizo dakika tano. Inaweza kuwa kifafa cha mimba, ambacho ni ugonjwa mwingine kabisa, unaokuja na presha kupanda, na huua mama na mtoto.

Sasa tuje kwenye dawa, maana naona hapo ndipo nyumba yenu ilipokwama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama milioni 50 wana kifafa, na hadi saba katika kila kumi wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzimeza inavyotakiwa. Fenobabitoni, ambayo bado inatumika sana katika hospitali zetu, ilianza kutibu kifafa mwaka 1912 na ni ya bei nafuu. Mahenge, kule Ulanga, daktari mzaliwa wa Norway aitwaye Louise Jilek-Aall aliwakuta wagonjwa wanatengwa, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto. Akawaanzishia kliniki miaka ya 1960 mwanzoni, na wagonjwa wakapata nafuu kubwa kwa dawa hizi hizi zisizo na mbwembwe.

Wifi yako alipewa vidonge, akameza, akakaa muda bila kuanguka, ndipo mganga akasema aviache ili dawa yake ipate nafasi. Wiki hiyo hiyo akaingia kwenye mafiga. Mdogo wangu, mkitaka kwenda kwa mganga au kuombewa, siwezi kuwafungia mlango. Lakini anayekwambia uache vidonge ghafla anakutafutia msiba. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu, na hapo watu hufa. Kama inamlewesha au inampa usingizi, jambo ambalo fenobabitoni hufanya hasa siku za mwanzo, arudi kwa daktari apunguziwe au abadilishiwe. Kuacha ni uamuzi wa daktari, polepole, na mara nyingi baada ya miaka miwili au zaidi bila kuanguka.

Mpelekeni Kitete, hospitali ya mkoa pale Tabora mjini. Mkielekezwa chumba cha afya ya akili msikasirike; katika hospitali zetu nyingi ndiko wenye kifafa wanakohudumiwa, na hakuna aliyesema wifi ni kichaa. Wewe uende naye. Nasema wewe, uliyemwona anaanguka, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hana cha kusimulia. Alianzaje, upande gani ulitangulia kutikisika, macho yalikwenda wapi, ilichukua muda gani: daktari anatibu kwa maelezo hayo kuliko kwa mashine. Ukiweza kurekodi kwa simu, mwenzako akiwa anamhudumia, rekodi. Umwonyeshe daktari, usiitume kwenye kundi la WhatsApp.

Mwambieni daktari pia kama anatumia uzazi wa mpango. Fenobabitoni na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na vipandikizi. Wanawake wanabeba mimba wakidhani wamejikinga. Na akipanga kuzaa aseme mapema, kwa kuwa dawa iitwayo valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache kimyakimya, aombe ushauri.

Uyui nyumbani kwenu kuna hatari zake, ambazo vipeperushi vya mjini havizitaji. Msimu wa tumbaku mnakesha kwenye mabani ya kukaushia majani kuchochea moto. Usingizi uliokatika ni mwaliko wa kifafa, na moto uko pale pale, kwa hiyo wifi asikeshe bani. Atapewa kazi ya mchana, ya kufunga majani au kupanga madaraja. Mwanaume mwenye kifafa asipande mti kutundika mzinga. Kisimani asiende peke yake, bafuni asikomee mlango kwa ndani. Jiko linyanyuliwe kwa udongo na kuzungushiwa ukingo. Ni kazi ya kaka yako ya siku moja, akiacha kulalamika. Na pombe ya wanzuki iachiwe wengine.

Mbona nimemtaja kaka yako? Kwa sababu umemalizia barua kwa kusema anashauriwa amrudishe mke kwao. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 39, iliweka mashambulizi ya kifafa ya mara kwa mara kuwa mojawapo ya sababu za kuiomba mahakama ibatilishe ndoa. Watu hulisikia hilo nusu nusu wakadhani ni ruhusa ya kufungasha virago vya mtu. Kifungu kinazungumzia hali iliyokuwepo wakati wa kufunga ndoa, na ni mahakama inayoamua, si kikao cha ukoo. Wifi yako aliolewa mzima, akaugulia kwenu. Kwa maoni yangu kipengele chenyewe kimeshapitwa na wakati: Uingereza iliondoa cha kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970, na India ikafuata mwaka 1999.

Ninyi wa Kigwa mnakaa kwenye njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo hadi Tabora. Mwaka 1858, baada ya kuondoka Kazeh, ndiyo Tabora hiyo, msafiri Mwingereza Richard Burton aliishiwa nguvu za miguu kwa ugonjwa, na wapagazi wakambeba kwa machela kuelekea Ujiji. Alikuwa mgeni tu, na walimbeba kwa malipo. Wifi yako amewapikia, amewazalia, na kutoka jikoni hadi uani ni hatua chache tu.

Kuna wasomaji wengine waliouliza kuhusu baba aliyeamka mdomo umepinda na mkono umelegea. Hizo ni dalili za kiharusi, wala si upepo mbaya; hospitali mara moja, bila kwanza kumkanda, na wengine wenye umri wake nyumbani wapimwe presha. Na wenye bodaboda, kofia ngumu ivaliwe kichwani, abiria naye awe na yake.

Sasa narudi Kigwa, kwa mama wa mdogo wangu. Mama, shikamoo. Najua binti yako atakusomea ukurasa huu, kwa hiyo nasema na wewe moja kwa moja. Hofu yako naielewa, umemwona mkwe wako akibadilika mbele ya macho yako na mtaani wanasema. Lakini wewe ndiye unayesikilizwa katika nyumba hiyo. Ukila naye sahani moja mbele ya majirani, watu watakula naye. Ukimwambia mwanao atafute nauli ya Kitete, ataitafuta. Nakuomba, mama, tunza wewe mwenyewe pakiti ya vidonge, na vikibaki vya wiki mbili, mtume mtu akachukue vingine.