Bustani ya Mboga Katika Madumu: Somo la Mzazi na Mtoto



Kila likizo ikikaribia, wazazi hutuuliza sisi polisi: mtoto tumshughulishe na nini? Swali hilo si dogo. Mtoto aliyekosa kazi nyumbani hupewa kazi na mgeni. Katika miji kama Busia, Malaba na Mutukula, kazi hiyo yaweza kuwa kubeba furushi kupitia njia za panya, naye hajui kilichomo.

Leo tunawaletea somo kutoka Kyambogo, katika Divisheni ya Nakawa jijini Kampala. Huko nyumba nyingi zimebanana, na uani hapatoshi hata tuta moja. Hata hivyo, mboga huota katika madumu, ndoo na magunia. Kituo cha kilimo cha Mamlaka ya Jiji la Kampala kilichoko Kyanja, katika divisheni hiyo hiyo, huwafundisha wakazi kilimo cha namna hii.

Kwanza, chombo. Dumu la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula lafaa. Mzazi mwenyewe alikate ubavu mmoja, kisha atoboe matundu chini ili maji yasituame. Tunaonya: msitumie kamwe chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya wadudu au ya magugu, hata kikioshwa mara nyingi. Mfundisheni mtoto kuitambua alama ya fuvu la kichwa, wala msihifadhi dawa katika chupa za soda.

Pili, udongo. Changanyeni sehemu mbili za udongo mweusi na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kazi hiyo.

Tatu, mbegu. Anzeni na mchicha, ambao huchumwa baada ya wiki tatu au nne, kwa maana mtoto hukata tamaa akingoja mno. Sukumawiki na nakati zifuate. Hizo hutaka subira zaidi. Wekeni vyombo mahali penye jua.

Nne, utunzaji. Likizo ndefu ya Disemba na Januari huangukia kiangazi, na udongo wa dumu hukauka upesi. Mwagilieni asubuhi na jioni. Ndoo ya maji ifunikwe, ili mtoto mdogo asitumbukie na mbu wasizaliane.

Tano, umiliki. Kila mtoto apewe dumu lake, aandike jina lake juu yake, na mavuno ya kwanza yapikwe nyumbani na kutajwa kuwa ni yake. Anayetunza chake hujifunza kuheshimu cha mwenzake.

Faida kubwa, kwa maoni yetu, ni ile saa ya kumwagilia jioni. Mzazi hujua mtoto yuko wapi, nao huzungumza bila hofu. Muulizeni kwa upole: leo nani amekuomba umbebee kitu? Nani amekuahidi pesa? Jibu likiwatia shaka, msimpige mtoto; njooni kituo cha polisi, au pigeni simu ya watoto, namba 116, ambayo hutumika Uganda, Kenya na Tanzania.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Likizo hii, tuanze na dumu moja.